Nguo Nyeusi za Neema

Jumanne, 9 Septemba

Mwanangu Neema yumo kwenye fainali ya mpira. Jumamosi saa tisa, hapa hapa Nairobi. Hilo nimeliandika kwanza, mengine yafuate.

Nimefika salama. Basi limetushusha River Road alfajiri, miguu imevimba, kiuno hakinyooki. Pale mpakani Sirari nimepanga foleni na watu waliozoea kuvuka. Mimi sijazoea. Miaka hamsini na mbili nimeishi Musoma, hii ndiyo mara ya kwanza natoka Tanzania. Afisa kaniuliza naenda Kenya kufanya nini. Nikamwambia naenda kumtazama mwanangu akicheza fainali. Akasema hongera mama. Nikamwambia namba tisa. Nikamwambia na kushoto anapiga. Waliokuwa nyuma yangu wakaguna. Wagune tu, hawajazaa Neema.

Nipo mtaa wa Satellite kwa mdogo wangu Consolata na mumewe Wafula, fundi wa mageti, mtu wa Bungoma. Mtu mwema. Anasema "nyumba yangu iko wazi kwa wewe, shem", na mimi sijamsahihisha.

Ila kuna jambo. Habari ya fainali alinitolea Consolata mwenyewe kwenye simu, wiki iliyopita, halafu pale pale akataka kuirudisha. Eti labda nimesikia vibaya. Sikusikia vibaya. Nikakata tiketi. Sikumwambia mtu. Consolata nilimpigia nikiwa nimeshavuka mpaka. Kaja kunipokea na uso wa mtu aliyeacha wali jikoni ukiungua.

Neema hajui kama nipo.

Jumatano, 10 Septemba

Sasa anajua. Kaja jioni. Kanikumbatia mpaka kilemba kikadondoka. Amekonda. Nywele amekata zote, kichwa kama cha kaka yake. Sijapenda. Bado ni mzuri kuliko wasichana wote niliowaona tangu nishuke kwenye basi.

Lakini hakuniuliza habari za nyumbani. Aliuliza, "Mama, nani kakwambia?" Hilo ndilo swali la kwanza. Consolata akainuka kwenda kuangalia chai ambayo haikuwa jikoni.

Nimemuomba anionyeshe viatu vyake vya mpira. Eti vipo klabuni. Nimeomba jezi niivae Jumamosi. Eti tutaona. Nimeuliza mwaka huu ana magoli mangapi. Akasema, "Timu imefanya vizuri, mama." Mimi sikuuliza timu.

Mama Bahati, jirani yangu sokoni, aliwahi kuniuliza mbele ya wateja: "Mbona watoto wa wenzio wanaonekana kwenye video wakifunga, wa kwako miaka miwili hatujamuona?" Nilimjibu vibaya. Nikamwambia aangalie mtoto wake anayevaa tai na hana kazi. Leo nimelikumbuka swali lake nikiwa nimekaa na Neema kochi moja. Nimejichukia kulikumbuka.

Na ngazi za kwa Consolata Neema anapanda kwa mguu wa kulia tu. Wa kushoto anauvuta.

Alhamisi, 11 Septemba

Nimekwenda chumbani kwake Kawangware asubuhi, nimpikie. Mimi ni mama lishe, mwanangu hawezi kuingia fainali na mkate na chai. Nimempikia ugali na dagaa niliobeba mwenyewe. Kala sahani mbili. Nikafurahi. Furaha ya dakika ishirini.

Alipokwenda kuoga simu yake ikalia. Nikapokea. Kama ni kosa, mimi ni mama yake. Mwanaume. Sauti nzito, ya mtu mzima. Hakusalimu vizuri. "Niaje madam. Jumamosi unaripoti saa saba, si saa nane. Na ukuje na nguo kamili, last time soksi haikuwa sawa." Nikasema madam anaoga. Akakata.

Kuripoti. Nguo kamili. Kocha gani anamwita mchezaji wake madam?

Nikafungua begi lake. Sijuti. Kaptula nyeusi. Fulana nyeusi yenye kola. Soksi nyeusi pea mbili. Jezi hakuna. Namba tisa hakuna. Na chini kabisa, imefungwa kwenye kamba, filimbi.

Nimekirudisha kila kitu kama kilivyokuwa. Alipotoka nilimuuliza kama naweza kwenda kuangalia mazoezi ya timu. Akasema mazoezi yamefungwa, hawaruhusu wazazi. Alisema huku anatafuta sabuni aliyokuwa ameishika mkononi.

Mwanangu ananidanganya. Nimeandika. Sasa ni kweli.

Ijumaa, 12 Septemba

Ni mlinzi. Nimeujua ukweli leo Westlands.

Consolata anafagia ofisi kule, jengo refu la vioo. Nikamwambia naenda naye nikaone mji. Getini kuna wasichana wawili walinzi. Suruali nyeusi, sweta jeusi, viatu vyeusi. Filimbi kifuani, imefungwa kwenye kamba. Mmoja akanipekua mkoba, akaona kipande cha muhogo, akacheka. "Mathe, hii ni bunduki gani?" Mtoto mwenye adabu, umri wa Neema. Nikamuuliza kazi wanaanza saa ngapi. Akasema inategemea umepangiwa kuripoti saa ngapi.

Kuripoti. Basi.

Nikamvuta Consolata pembeni. Neema ni askari wa getini? Akasema, "Dada, muulize yeye mwenyewe." Hakukataa. Mtu akikuuliza kama mtoto wa dadako ni mlinzi na si kweli, unakataa.

Ulinzi si aibu. Baba yake Neema alilinda ghala miaka kumi na moja, alikufa akiwa na kazi hiyo. Lakini mimi nimesema namba tisa. Nimesema kanisani. Nimesema kwa padri. Nimesema kwa afisa wa mpakani. Kwa miaka miwili kila anayekula wali wangu anakula na magoli ya Neema.

Nimeona aibu, halafu nikaona hasira kwa sababu ya ile aibu. Wafula jioni kaniuliza, "Shem, mbona umenyamaza? Hiyo game tutaenda sisi wote, usijali." Na yeye anajua. Nyumba nzima inajua. Mimi ndiye mgeni hata kwenye maisha ya mwanangu.

Kesho naenda uwanjani. Siendi kutazama mpira. Naenda kumkuta getini.

Jumamosi, 13 Septemba

Hakuwa getini. Niliwapita walinzi wote mmoja mmoja nikiwaangalia usoni, mpaka mmoja akaniuliza kama nimepoteza mtu. Nikasema ndiyo.

Uwanja si mbali na kwa Consolata. Watu wengi kuliko nilivyodhani, vuvuzela, mahindi ya kuchoma, akina mama kwa akina baba. Tulikaa upande wa jua. Timu zikatoka. Nyekundu na bluu. Namba tisa wa nyekundu ni binti mrefu mweupe. Namba tisa wa bluu mfupi, mnene. Nikatafuta kwenye wachezaji wa akiba. Hayumo. Consolata anakula karanga moja moja, haniangalii.

Moyo wangu ukawa mzito kama jiwe la kusagia, na mimi moyo ukiwa hivyo lazima mtu aupate. Akaupata mshika kibendera.

Yule wa upande wa pili wa uwanja, mbali, kadogo, keusi. Bluu walifunga bao zuri kabisa, sisi wote juu, na yeye kanyanyua kibendera. Eti mfungaji ameotea. Bao limekataliwa. Uwanja ukalipuka. Jirani yangu, kijana mwenye kofia, akapiga kelele, "Wa kibendera, uko na macho ama uko na vifungo?" Nikapiga zaidi. Mimi Musoma marefa wananijua. Enzi za Neema shuleni kuna mmoja aliomba asipangiwe mechi yetu. Nikamwita kipofu. Nikamwita mwizi. Nikauliza mama yake alikula nini akiwa na mimba yake. Watu wakacheka, wakanipa nafasi, kijana wa kofia akasema, "Mathe, waambie." Nilijisikia vizuri kwa mara ya kwanza tangu Jumanne.

Mapumziko yakaja. Nikamwambia Consolata namfuata yule mshika kibendera nimwambie uso kwa uso. Akanishika gauni. "Dada, kaa. Nakuomba kaa." Alikuwa karibu kulia. Nilidhani anaona haya. Nikajinasua.

Nimezunguka uwanja mzima. Nyuma ya goli, kwenye matope, mpaka upande ule. Kipindi cha pili kilikuwa kimeshaanza. Kuna kamba wamefunga. Nikapita chini ya kamba. Mshika kibendera yupo hatua tano mbele yangu, amenipa mgongo, anakwenda pembeni pembeni, macho uwanjani. Nikafungua mdomo.

Mguu wa kushoto anauvuta.

Nikaangalia shingo. Alama ya kuungua na uji, nyuma ya sikio, ya mwaka aliotimiza miaka mitatu. Niliyemwaga uji ni mimi.

Hakugeuka. Sijui alijuaje, labda harufu, labda alinisikia tangu kule, uwanja mzima ulinisikia. Kwa sauti ya chini, macho bado kwenye mpira, akasema: "Mama, rudi nyuma ya kamba."

Nikarudi.

Nilisimama pale mpaka mwisho. Sikuona mpira. Nilimwona yeye tu. Anakwenda, anasimama, anarudi, hachezi na mtu, hasikilizi mtu. Nyuma yangu baba mmoja mwenye tumbo alikuwa anamtukana bila kupumzika. "Wewe madam, umelipwa na nani? Rudi jikoni." Nikageuka. Nikamwambia yule ni mtoto wangu, na akitaka kujua jikoni kuna nini nitamuonyesha. Akasema, "Pole mama, ni mambo ya mpira tu." Ni mambo ya mpira. Nilivyokuwa nasema mimi.

Dakika za mwisho nyekundu nao wakafunga, na kibendera kikapanda tena. Wale nao wakamtukana. Akabaki amekinyanyua, mkono umenyooka kabisa. Matusi yanatoka pande zote mbili na mkono haushuki.

Mechi ikaisha bila bao, wakapiga penalti, sijui nani kachukua kombe. Wafula atajua.

Jumapili, 14 Septemba

Sikwenda kanisani. Niliona haya kuimba.

Neema kaja mchana, tumekaa jikoni sisi wawili. Consolata kamchukua Wafula wakatoka, eti kununua mboga. Saa mbili za kununua mboga.

Goti. Miaka miwili iliyopita, mwezi wake wa tatu tu hapa. Lilikatika ndani. Wakampasua. Nilikuwa nampigia kila Jumapili namuuliza magoli, na yeye amelala na mguu umefungwa mpaka kiunoni, Consolata anamlisha. Ananiambia nacheza vizuri mama. Baadaye mwalimu mmoja wa marefa, ndiye yule wa sauti nzito, akamwambia mwenye kuujua mpira hivi asiutupe. Akasoma. Akaanza na mechi za watoto, na filimbi yake. Jumamosi ndiyo fainali yake ya kwanza.

Nikamuuliza kwa nini hakuniambia la goti. Akasema ningelia. Nikasema ndiyo, ningelia, halafu? Nikamuuliza basi kwa nini hakuniambia la kibendera, hilo halina kilio. Akaangalia meza.

"Mama, wewe ndiye uliyenifundisha kwamba refa ni mwizi. Ningekupigia nikwambie nini?"

Nilikuwa nimekuja na tuhuma begi zima, kwa kila mtu wa nyumba hii, na aliyenificha nilimfundisha mwenyewe kujificha.

Nimemuuliza kama alinisikia jana. Alinisikia. Kila neno? Lile la mimba alilisikia. Nikajifunika uso kwa kanga. Akaanza kucheka, polepole, halafu kwa nguvu. Tumecheka na mimi nikalia, vyote pamoja, kama kichaa.

Halafu nikamuuliza lile bao la bluu. Kweli ameotea? Akanipangia vikombe mezani, huyu beki, huyu mshambuliaji, huyu anapiga pasi. Akasogeza kikombe kimoja upana wa kidole. Hapo, mama. Nikaangalia sana. Aliotea.

Jumatano, 17 Septemba

Nyumbani. Mvua kidogo. Nimefungua mgahawa kama kawaida, maharage, wali, samaki.

Wateja waliuliza kabla hawajakaa. Amefunga mangapi? Nilikuwa nimeshika mwiko. Nikasema hakufunga. Nikasema goti liliumia zamani, hachezi tena, sasa ni mwamuzi, anashika kibendera kwenye fainali za Nairobi, na alikataa mabao mawili, na yote aliyakataa kwa haki. Mmoja akaguna. Nikaendelea kupakua. Nikawaonyesha kwa vikombe kuotea ni nini. Mzee mmoja wa stendi akaomba nirudie. Nikarudia. Hakuna mwenye mtoto wa namna hiyo Musoma nzima, hilo nalo nikasema.

Jioni nimewapitia akina mama wa kwaya, nyumba kwa nyumba. Wale niliowadanganya bila kujua ni wengi, nimechoka miguu.

Neema kapewa ruhusa ya wiki moja. Anakuja na basi la usiku. Nimewaambia wote, waliocheka na wasiocheka: waje wamwone nyumbani kwangu, Jumapili tarehe 28, baada ya ibada ya pili.