Hongo ya Njia, au Kwa Nini Nilimuua Dravuno

Jumapili. Mvua inapiga bati tangu asubuhi na mtaa wetu wa Isevya umeshakuwa tope tupu. Nina hasira. Naandika nikiwa nayo bado, kwa hiyo mkikuta sentensi imepinda, iacheni ilivyo.

Kwanza niseme hili, nisije nikaonekana mke asiye na shukrani. Nampenda mume wangu. Nampenda Idrisa mpaka naona aibu. Tuna miezi minne ya ndoa na bado nikimsikia anavua viatu kibarazani moyo unanidunda kana kwamba ndiyo kwanza anakuja kuniposa. Ni seremala. Mashati yake yananukia mbao za mninga hata baada ya kufuliwa, na mimi, jamani, nayanusa kabla ya kuyaanika.

Haya, nimekiri. Sasa hasira.

Baada ya chai Idrisa aliniambia kwamba dada yake, Zaituni, anayeishi Nzega, amepata nafasi ya kujifunza ushonaji hapa Tabora kwa miezi mitatu, na hana pa kufikia. Je, akae kwetu? Jibu linatakiwa leo kabla ya magharibi, la sivyo nafasi anapewa mwingine.

"Uamuzi ni wako," akasema. "Ukikataa, nitamwambia mimi ndiye niliyekataa."

Mume gani huyu! Hata jambo la kuniudhi analileta kwa upole.

Nikakataa.

Hakubishana. Aliwasha televisheni, akachomeka mashine ya gemu, akanipa pedi ya kuchezea. Ndiyo starehe yetu ya siku za mvua. Yeye aliishia darasa la saba na mimi nimefika kidato cha nne, kwa hiyo maandishi ya Kiingereza namtafsiria, na yeye ananifundisha kupigana.

Kwa asiyelijua gemu lenyewe: unaongoza msafara wa wanyama wenye pembe tatu, wamebeba nguo na chumvi, kutoka pwani hadi mji wa malkia mgonjwa huko bara. Idrisa analipenda kwa sababu anasema ni hadithi ya mji wetu, wameongeza majoka tu. Katikati ya safari kuna njia nyembamba ya mlimani, na njia hiyo imekaliwa na Dravuno.

Dravuno namchukia. Ni jitu lenye ngozi ya majivu na macho kama makaa, na mwanzoni kabisa mwa gemu alichoma kijiji cha wafumaji mbele ya macho yetu. Wiki tatu nimekuwa nikipika, nikifagia, nikioga, huku nawaza nitakavyomkata.

Leo tukamfikia. Alisimama katikati ya njia, hakushambulia. Maandishi yakatokea: toeni sehemu ya nguo na chumvi, mpite. Chini yake machaguo mawili, kutoa au kupigana.

"Anasemaje?" Idrisa akauliza.

"Anataka hongo."

"Mpe."

"Nimpe hongo? Mimi?"

Baba yangu kule Ntalikwa alizungushwa miaka miwili kupata karatasi ya shamba lake kwa sababu alikataa kumpa hongo mtu mmoja mwenye mhuri. Miaka miwili! Mimi nimelelewa na baba huyo. Sikumsubiri Idrisa amalize kumeza mate, nikabonyeza kupigana.

Na nilimuua. Alinisumbua, alinivunjia ngao, lakini nilimuua, nikapiga kigelegele mpaka jirani akagonga ukuta kuuliza kama kuna harusi.

Furaha ile haikudumu. Ng'ambo ya mlima kuna uwanda wa majivu, na chini ya majivu yale wanaishi wadudu ambao Dravuno peke yake ndiye aliyekuwa akiwatuliza kwa ngoma yake. Tuliikuta ngoma kwenye pango lake, na maandishi nikayasoma mwenyewe kwa sauti: waliotoa chao walitembea nyuma ya ngoma hii, na hakuna kilichowagusa mpaka mjini. Lakini ngoma haikulia mikononi mwetu, ikabidi tutembee bila ngoma. Wanyama wetu waliliwa mmoja mmoja. Gemu lilikuwa limeshajihifadhi, kwa hiyo hakuna kurudi nyuma, labda tuanze upya wiki zote tatu.

Idrisa aliweka mikono kichwani.

"Uliposema hongo," akasema, "mimi nilijua hongo ya njia."

"Hongo ni hongo."

"Siyo hii ya ofisini, mke wangu. Ile ya zamani. Msafara ukifika kwenye nchi ya mtemi, unatoa nguo, unatoa shanga, ukishatoa wewe ni mgeni wake. Atakayekugusa amemgusa yeye."

Hapo nikakumbuka. Nilikumbuka na mtihani wenyewe wa historia, na nilivyoliandika neno hilo kwa kalamu ya bluu na kuwekewa vema. Nalijua kwenye daftari. Mdomoni mwangu linatoka na sura ya yule mtu wa mhuri.

Lakini kukubali upesi hivyo? Hapana.

"Alichoma kijiji," nikasema. "Mtu aliyechoma kijiji huwezi kumfanya rafiki."

"Nani amesema rafiki? Nimesema angetuvusha."

"Angetusaliti."

"Labda. Hukumpa nafasi tujue." Kisha, akiwa bado anaangalia televisheni, akaongeza: "Na dada yangu ulimpita vilevile."

Hapo ndipo hasira hii ilipoanza. Nieleze.

Siku nilipoletwa nyumbani kwa mume, Zaituni alisimama mlangoni amenyoosha mikono huku na huku, anaimba, anadai chake. Ndiyo desturi, wifi mkubwa hazibwi mdomo bila kanga. Shangazi yangu ndiye aliyekuwa na kanga hiyo, na shangazi alikuwa nyuma, bajaji yake imepata pancha. Mimi viatu vilikuwa vinaniua. Nilisubiri, nikasubiri, nikaona ni mchezo tu, nikainama, nikapita chini ya kwapa lake nikaingia ndani. Watu walicheka mpaka wakashikana mabega. Zaituni hakucheka. Kanga ilipofika aliikataa.

Tangu siku hiyo ni vita. Tulipokwenda Nzega kusalimia, alinitambulisha mbele ya wageni: "Huyu ndiye aliyeingia kwa kaka kama mbuzi aliyekata kamba." Akaonja mlenda wangu akauliza umepikwa au umesuuzwa. Akaniambia nimekonda, na mara ileile akamnong'oneza mama yake kwa Kinyamwezi kwamba nakula sana, akidhani sisikii. Nasikia. Na mimi siyo malaika. Namba yake niliihifadhi kwenye simu kwa jina la Moto.

Kwa hiyo Idrisa aliposema neno lile nikamjibu vibaya. "Kumbe dada yako ni jitu la majivu! Umesema wewe, siyo mimi."

Akainuka, akatoka kibarazani. Hakubamiza mlango. Afadhali angebamiza.

Ndiyo mara ya kwanza tumekaa mbalimbali ndani ya nyumba hii.

Nilibaki na televisheni na wanyama waliokufa, nikaamua kumhesabia Zaituni makosa yake, ili nikimfuata Idrisa niwe na silaha. Mbuzi. Mlenda. Kula sana. Kuikataa kanga. Nikatafuta zaidi. Nilitafuta kwa chuki yote niliyo nayo, na niliyo nayo ni nyingi, sikupata kijiji kilichoungua. Nilipata mwanamke aliyefanywa kichekesho mbele ya ukoo mzima, kwenye harusi ya ndugu yake, na aliyemfanya ni mimi.

Iliniuma kuliandika hilo. Nikaacha kuandika, nikapiga simu, na hiyo imeniuma zaidi.

"Shikamoo wifi."

"Marahaba. Nani mwenzangu?"

Namba yangu anayo. Anayo!

"Mke wa Idrisa."

"Aaa. Mbuzi."

"Wifi, nimepiga kwa ajili ya siku ile ya mlangoni. Nilikupita bila kukupa haki yako. Lile ni kosa langu. Mengine tutagombana baadaye, lakini lile ni langu. Njoo ukae kwetu usome."

Nikasikia kuku wa kwao wanalia.

"Kaka amekulazimisha?"

"Kaka yako amenuna kibarazani, hata hajui kama nimepiga."

"Ile ilikuwa doti moja ya kanga," akasema. "Umechelewa miezi minne. Sasa nataka mbili."

"Moja."

"Mbili, na unipokee stendi wewe mwenyewe. Sitaki kumwona kaka pale. Nikuone ukibeba begi langu."

"Begi utabeba mwenyewe wifi, una mabega kunizidi. Mimi nitabeba mwavuli."

Akatoa sauti. Sijui kama ni kicheko au ni kikohozi. "Na mlenda nitapika mimi," akasema, akakata simu.

Nilipomfuata Idrisa kibarazani kumweleza, aliniangalia vile anavyoniangalia, akanivuta nikae naye kwenye kile kibenchi alichonitengenezea, mvua inaturushia matone miguuni. Mume wangu. Ningempigia simu hata huyo Dravuno.

Hapana, nisizidishe. Kuhusu Dravuno msimamo wangu ni uleule. Angetuvusha, nimekubali, na nilikosea kutafsiri. Lakini ningetembea nyuma ya ngoma ile huku nawaza wafumaji waliokuwa ndani ya nyumba zao, na kila pigo ningetamani kumchoma mkuki mgongoni. Sijui mshirika wa namna hiyo ana faida gani. Idrisa anasema faida ni kufika. Bado tunabishana, sasa kwa kucheka.

Zaituni anafika Alhamisi. Simpendi, naandika wazi ili nisije nikajidanganya baadaye. Kesho naenda sokoni kuchagua doti mbili, nzuri, asipate pa kusema. Alhamisi nitasimama stendi na mwavuli wangu, na kutabasamu aanze yeye.