Mama Mkwe Hataki Ardhi Ichomwe Chuma

Mpendwa Dada Khorloo wa redio, naomba msaada kabla mvua za kiangazi, ndizo mvua zetu huku, hazijakolea, maana nikikaa kimya nitapasuka. Mimi ni mkwe wa Mama Tsevelmaa, ananipenda nami nampenda kuliko nilivyotarajia, na ana kisukari, sindano zake tunaziweka kwenye friji ndogo ya sola humu hemani, sasa juzi radi ikapiga kilima cha jirani, sisi haikutugusa, lakini kontrola ya sola, ile inayodhibiti umeme wa paneli, ikaungua, friji ikazima, dawa ikapata joto tukaitupa yote, ikabidi mume wangu Dashnyam aende wilayani kutafuta nyingine.

Fundi wa huko akampa kontrola mpya na chuma kirefu cha ethi, cha kuupeleka umeme wa radi chini, akasema kipigiliwe ardhini, na hapo ndipo balaa lilipoanza. Mama akafoka, "Nyie watoto, ardhi haichomwi hovyo! Mkipigilia hicho kidude nahamia kwa mdogo wako, Dashnyam, na friji lenu mbaki nalo!" Nikamwambia, "Mama, dawa si ni yako?" Akanijibu, "Na ardhi je, ni yako?"

Dashnyam naye, ili asimuudhi, kaufunga waya wa ethi kwenye kigingi cha chuma cha ile kamba ya kufungia watoto wa farasi ninapokamua mama zao, eti kigingi kiko ardhini tayari, mama hatajua. Anajiona mjanja. Mimi kila wingu likitanda natoka kukitazama kile kigingi, nikisema mama ataondoka, nikinyamaza naogopa. Nifanyeje, dada?

Mkwe wa bondeni

Pole sana, mdogo wangu, Dada Khorloo nakujibu. Sasa, kama mbingu ni safi, acha redio ikiwaka, nenda kaufungue huo waya. Radi ikipitia hapo itafuata kamba iliyolowa, na wanaofungwa hapo ni watoto wa farasi, na anayekamua hapo ni wewe. Dashnyam, kama unasikia, wewe si mjanja, una bahati tu.

Lakini bila kujua amekuonyesha njia. Vigingi hupigwa mbele ya mama kila kiangazi na hajawahi kuhama. Siku ya kuwafunga watoto wa farasi kwa mara ya kwanza, nani hunyunyiza maziwa kuiomba ardhi radhi? Si yeye? Basi shida yake si chuma. Mlimwendea na chuma mikononi bila hata bakuli la maziwa, mkategemea acheke!

Mwombeni yeye achague mahali, nyuma ya hema, penye unyevu, mbali na mlango na mifugo. Anyunyize kwanza, ndipo Dashnyam apigilie chuma. Waya uwe mnene na mfupi, usikunjwekunjwe, na fundi mwenyewe aje auunganishe na fremu ya paneli na kontrola. Mkihamisha hema mnaking'oa chuma na kufukia shimo, kama vigingi vingine. Na msibweteke: ethi haizuii radi inayoangukia hema lenyewe. Mawingu yakianza kukusanyika mbali, chomoa waya wa paneli mapema. Radi ikishanguruma, usiguse kitu. Friji isipofunguliwa itahifadhi baridi mpaka mvua ipite.

Na mama msimfiche tena. Mwambie hivi: "Mama, tunataka mwakani uwepo, utunyunyizie maziwa." Akikataa hata hapo, nipigie hapa studio niongee naye mwenyewe. Ila sidhani kama utapiga.