Bei Niliyoishusha Peke Yangu

Shoga, uko wapi? Nimejiaibisha leo mpaka nacheka mwenyewe.

Unaikumbuka ile bei yangu ya picha tuliyoipanga juzi? Elfu thelathini, ukaniapisha nisishuke hata senti?

Nimeenda kwa fundi cherehani kujaribu gauni. Kaniuliza picha ya familia napiga kwa bei gani, kisha akapita nyuma yangu kubana kiuno. Nikakaza uso: "Elfu thelathini."

Kimya.

"Kwako wewe, ishirini." Kimya. Shoga, kimya! Jasho likanitoka. "Basi kumi, na fremu juu yangu."

Kimya. Nikausikia mdomo wangu mwenyewe: "Dada, acha tu, nitakupigia bure."

Ndipo akaja mbele, akatema pini sita kiganjani. Pini! Muda wote huo alikuwa na pini mdomoni!

"Ile thelathini niliitikia kwa kichwa," akasema, "ila ulikuwa umenipa mgongo. Bure nimeipenda zaidi. Tuko tisa."

Nikamuuliza gauni bei gani. Akataja, akanyamaza. Safari hii bila pini.

Nikalipa yote, shoga, na chenji nikamwachia.