Protini Imepanda

Mdogo wangu mpendwa,

Napenda kukutangazia rasmi kwamba mlango wa jikoni sasa unafungika, na fundi ni mimi. Usicheke. Umebaki mwanya wa kupita paka tu.

Mama amelazwa. Wiki iliyopita alipimwa damu, nikatumwa kuchukua majibu nimpelekee daktari. Karatasi ilisema protini ya C ni mia mbili na kumi, na kawaida haizidi kumi. Mimi, msomi wa familia, nikafurahi: kumbe mayai ninayomlisha yanafanya kazi! Nikarudi nayo nyumbani.

Jana daktari aliniambia kwa upole, “Mzee wangu, hii haitokani na chakula. Ini huimwaga kwenye damu mwili ukishambuliwa. Mngekuja siku ileile.” Maambukizi yalianzia pafuni, sasa yameenea mwilini. Daktari hana matumaini. Njoo upesi.

Hospitalini nimesema Mama hakuwa akilalamika. Si kweli. Siku mbili alinililia, “Mwanangu, ubavu unawaka moto.” Nikampungia karatasi: “Mama, wewe mzima kuliko mimi!” Akaniamini, akanyamaza.

Kaka yako