Ioni za Ng'ambo na Ndoo Yako ya Mifupa

Baba Ndeshi,

Shikamoo, na usiniulize habari za nyumbani maana zinaudhi. Ndoo yako ya chujio, ile uliyoijaza mkaa wa mifupa ya ng'ombe kwa mikono yako, binti yako Ndeshi sasa anawekea pumba za kuku.

Kosa ni langu. Siku ya kumaliza matanga yako walinipa nafasi kanisani niseme neno, mimi mwanafunzi wako. Nilikuwa nimesoma kwenye simu kwamba huko ng'ambo wana karatasi ya kaboni, wanaiita grafini, unene wake chembe moja tu. Wanairushia ioni, chembe zenye chaji ya umeme, kwa kasi, zinatoboa vitundu vya kupitisha maji na kuzuia chumvi. Nilitaka kukusifu: kumbe na wao wanahangaika na kaboni, kama wewe na tanuri lako hapa Nduruma. Nikasema huenda siku moja ikazuia hata floraidi yetu, hii ya majini inayotia meno ukahawia. Watu wakapiga makofi. Makofi ni matamu, Baba. Nikaongeza, "Hivi karibuni."

Karatasi yenyewe bado iko maabara. Lakini huku wanaisubiri kana kwamba imeshapita Usa River. Hakuna anayekuja kubadilisha mifupa. Mzee mmoja wa kanisa ameniuliza kama karatasi hizo zipo za bluu.

Ndeshi nilipomfuata alinijibu, "Si wewe ulisema inakuja? Mwanangu hanywi tena maji ya mifupa." Glory ana miaka mitatu. Meno yake ya utotoni ni meupe, mama yake ameridhika. Wewe ulikuwa unasema ya ukubwani yanapikwa ndani ya fizi, tukija kuyaona yameshaiva. Ya kwako yalikuwa ya kahawia, ukicheka unaziba mdomo kwa kofia. Hata kwenye picha iliyotangulia jeneza lako umefumba mdomo.

Wiki hii nimewasha tanuri. Fungu la kwanza liliungua likawa jeupe, nikamwaga. La pili nimeonja maji yake kama ulivyonifundisha: "Ukisikia supu, rudisha motoni." Sikusikia supu.

Jumapili baada ya ibada nitasimama palepale niliposhangiliwa, niseme kwamba "hivi karibuni" ilikuwa yangu, si ya wanasayansi. Watanicheka, wacha wanicheke. Halafu nitambebea Ndeshi mifupa mipya, na pumba nitawamwagia kuku mwenyewe.

Pumzika, Baba. Meno ya mbele ya ukubwani ya Glory yakiota, nitakuja kaburini kukuambia rangi yake. Hata kama ni ile.