Chakula Chako Hakina Kosa

Mdogo wangu Rehema,

Nakuandikia nikiwa nimekasirika, nisikufiche. Jana nilikupigia simu kukupa habari njema, ukanijibu, "Watakuwa wamekosea namba, dada." Kisha ukakata.

Hawajakosea. Ni yule mpishi mkuu wa hoteli ya Mbezi Beach aliyekuita ukapike chakula cha majaribio. Unakumbuka tulivyotoka Temeke alfajiri, nimekubebea binzari uliyoisaga mwenyewe kwa kuwa ya dukani huiamini? Pilau likaiva, jiko zima likanukia. Ukamtengea sahani, na kabla hajashika kijiko ukamwambia, "Samahani, leo kimenishinda kidogo."

Kwetu hiyo ni adabu. Mgeni anaambiwa chakula chenyewe ndiyo hivyo hivyo tu, naye anaelewa kwamba anatakiwa ale ashibe. Lakini yule mtu wa bara alikuamini. Alionja haraka haraka akilitafuta hilo kosa, akasema watakupigia. Nilikuwa nimesimama mlangoni, nikatamani kukuziba mdomo.

Na wala si adabu tu, Rehema, tusidanganyane. Dukani unakiacha kitenge cha njano unachokipenda, eti "mie na sura hii?" Kwenye shughuli za mtaa watu wakiuliza nani kapika, unamsukuma jirani mbele. Vikaoni unakaa nyuma kabisa, karibu na viatu, na hakuna aliyekutuma ukae huko. Unajisema vibaya mwenyewe, unajisikiliza mwenyewe, halafu unatii. Hoteli walipokaa kimya ukapanda basi Mbezi Luis ukaenda zako Tanga kwa shangazi. "Si nilikwambia mie siwezi?" Yaani ulikuwa kama mtu aliyeshinda kesi. Unachosha, mdogo wangu.

Sasa sikia. Lile pilau ulilowaachia lililiwa na wafanyakazi wa jikoni, wakagombania hadi ukoko. Mpishi waliyemchukua badala yako ameondoka, na wanakutaka wewe uanze Jumatatu. Nimewajibu kwamba unakuja. Sikukuuliza kwanza, maana jibu lako nalijua. Usipotokea watamchukua mwingine, na safari hii hawatapiga tena.

Najua ukishasoma hapa utaanza kutafuta sababu. Basi nikueleze la mwisho, ambalo limeniuma kuliko yote. Mwanao Salma uliyeniachia amekula chakula cha mkono wako tangu aote meno. Asubuhi nilipokuwa namsuka nikamwambia mama yake anarudi, amepata kazi ya upishi hotelini. Akageuka kunitazama. Hakuwa anatania, mtoto alikuwa anashangaa kweli.

"Kwani mama anajua kupika?"

Njoo umjibu wewe.

Anayekungoja hapa Temeke,
Dada yako