Mkwe Wangu na Modem ya Chumbani

Jumapili, 7 Septemba 2025

Nimeshindwa kabisa! Masista wa kule Italia wamerusha misa yao leo kwenye intaneti, ili sisi familia tujaribu kabla ya Jumamosi. Nimeona mshumaa mmoja na nusu ya padre. Halafu duara. Linazunguka, linazunguka, na mimi nimelikodolea macho kama mbuzi anayetazama mvua.

Jumamosi saa nne Angèle, kitinda mimba wangu, anaweka nadhiri zake za daima. Viza nilinyimwa. Sina njia ya kumwona ila hii televisheni. Na nadhiri za daima haziwekwi mara mbili.

Nimempigia Tania, dada yake, aliyeolewa Fungurume. Anasema atamtuma mume wake, Lucien, fundi wa redio za magari mgodini. Sawa — lakini modem iko chumbani kwangu, karibu na kitanda! Mkwe aingie chumba cha mama mkwe? Afadhali duara.

Jumatatu, 8 Septemba

Tania kapiga. Lucien atakuja siku zake za mapumziko. Na hataingia. Atatengenezaje bila kuingia? Tania anacheka tu.

Jumatano, 10 Septemba

Huyu kijana! Amefika na minibasi ya asubuhi, akanisalimia akiwa langoni, macho chini, kama inavyotakiwa. Chakula nimemwachia barazani, nikaingia ndani, ndipo akala.

Kisha akasimama uani, nje ya dirisha la chumba changu, akiligeuzia mgongo, anatazama mipapai. Mimi ndani. Pazia katikati. "Mama, muzime modem. Muhesabu mpaka makumi tatu, njo muiwashe." Nikahesabu kwa sauti, kama darasa la kwanza. Miaka ishirini na minane nimefundisha shule ya msingi, leo mwanafunzi ni mimi. Elimu haina mwisho!

Akaniomba nimsomee kasi kwenye simu yangu. Nne. Akaiandika kwenye daftari lake. Halafu, kwa upole, akauliza ni nani wengine wanaotumia hii modem. Ikabidi niseme. Mama wote wa kwaya! Niliwapa neno la siri wakati wa mazoezi, ningewanyimaje? Vifaa kumi na saba. Mwingine angecheka. Yeye kasema tu: "Mama, muko na roho muzuri. Tubadilishe ile mot de passe." Nimeibadilisha mwenyewe, kwa vidole hivi!

Kasi: saba. Haitoshi, anasema. Akapanda paa kukagua antena, na suruali yake ya kanisani. Antena ni nzima. Basi ubaya uko chumbani.

Amekwenda kulala kwa binamu yake, mtaa wa Manika. Mgeni njoo mwenyeji apone — waliosema hivyo walimjua Lucien.

Alhamisi, 11 Septemba

Aibu. Niandike haraka.

Saa mbili yuko dirishani tena. "Mama, mbele ya modem kuko nini?" Nikasema: picha ya marehemu. Picha ya namna gani? Ya shaba.

Stany, marehemu mume wangu, fundi umeme wa kiwanda, aliifua mwenyewe kwa nyundo: mwanamke anatwanga, upana wake kama meza. Mimi ndiye niliyeitundika pale. Ifiche modem, wezi wasiione. Na pia — kweli isemwe — nilidhani itasaidia! Tangu tuzaliwe hapa tunaambiwa shaba inapitisha umeme. Sasa intaneti ni nani, isipite?

Nimemweleza hivyo hivyo. Nilijua anajizuia asicheke. Halafu: "Mama, courant inapita ndani ya shaba. Wifi inapita mu hewa. Ikikuta shaba, inarudia kwenye imetoka." Na tena: "Tata Stany alifanya kazi ya muzuri. Muiweke mu salon, batu baione."

Nimelia kidogo. Nikaishusha. Kasi: thelathini na moja!!

Ijumaa, 12 Septemba

Nimeona misa nzima ya masista, kutoka ishara ya msalaba hadi baraka. Hakuna duara hata moja.

Tania amepata mume. Lucien mwenyewe sijawahi kumwambia. Miaka sita namjua kwa visigino vyake na sauti yake. Kwetu mwiko wa mkwe na mama mkwe unalegezwa kwa zawadi, wazee wakishakaa. Wazee hawajakaa. Baba yake Lucien yuko Tenke, mguu unamsumbua, na kila mwaka tunasema mwaka huu.

Jumamosi, 13 Septemba

Saa nne na nusu. Naandika nimesimama.

Ilianza vizuri ajabu. Mama wa kwaya wamejaa saloni. Lucien hakukubali kukaa nasi, alifuata misa uani kwenye simu yake. Angèle wangu! Nimeona hata jinsi anavyouma mdomo akiogopa. Akalala kifudifudi mbele ya altare, wakaanza kuwaita watakatifu, nasi tukaitikia. Akiinuka tu, anatamka nadhiri.

Duara.

Nimekimbia chumbani. Taa nyekundu! Lucien dirishani: "Mama, muangalie waya ya antena, pale inaingia mu modem." Kichwa cha waya kimechomoka, nyuzi nje. Kinataka koleo lake na mikono yake. Nimejaribu mara mbili, kinachomoka tena. Data ya simu leo haipitishi hata ujumbe. Nikauliza saloni nzima nani anaweza. Hakuna.

Basi nimesema. Kwa sauti, wote wakisikia: "Lucien, ingia."

Naye: "Apana, mama. Mungoje niulize tata."

Yuko uani, amempigia baba yake kule Tenke. Namsikia: "Tata, ni mama mwenyewe anasema… Ndiyo, kwake mu chambre… Tata, mutoto wake iko chini, bado hajasimama."

Nimefungua mlango, nimetandika kitanda. Kwenye televisheni picha imeganda: Angèle bado amelala, uso sakafuni.

Lucien sasa anasikiliza jibu la baba yake. Viatu amekwisha kuvivua.